Skrini Umeifunga, Kibodi Je?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie makala ya ukurasa wenu wa teknolojia iliyowashauri wasomaji wafunge kompyuta kila wanapoinuka kitini. Ushauri ni mzuri, na mimi mwenyewe huwaambia wenzangu hivyo hivyo. Lakini makala iliishia kwenye skrini. Ilisema ukishaona kisanduku cha nenosiri, basi mashine imefungwa. Mimi ni fundi wa seva, mwaka huu natimiza miaka 31 kwenye kazi hii, na nakuhakikishia kwamba mara nyingi kinachofungwa pale ni kile unachokiona tu. Kibodi inabaki hai. Kuna vitufe ambavyo programu ya kufunga skrini haivipati kamwe, kwa sababu vinakuwa vimeshafanya kazi yao kabla ya kuifikia.

Nisimulie usiku ulionifanya niandike.

Tulikuwa wawili zamu. Seva moja ya Linux ina skrini na kibodi yake pale pale kwenye kabati la seva, na nilikuwa nimeingia konsoli ya kwanza, yaani skrini ya maandishi ya mashine yenyewe, kama msimamizi mkuu. Nilipotaka kwenda chumba cha pili kubadilisha betri za UPS, nikaifunga kwa vlock, programu ya kufunga konsoli ambayo nimeitumia miaka mingi. Skrini ikawa nyeusi. Nikaondoka moyo umetulia. Mwenzangu, kijana makini aliyefunzwa kazi kwenye Windows, akafika kwenye kabati lile kuangalia nafasi ya diski. Akabonyeza kitufe, skrini ikaamka na mstari wa kuomba nenosiri langu. Yeye anataka kuingia kwa jina lake, kwa hiyo akafanya ambacho vidole vyake vimefanya maelfu ya mara: Ctrl, Alt na Delete kwa pamoja.

Seva ikaanza kuzima huduma moja baada ya nyingine, kisha ikajiwasha upya. Hifadhidata ilichukua dakika 40 kurudi mahali pake, na watu waliokuwa wakiitegemea usiku ule walipoteza kazi waliyokuwa nayo mkononi. Nilimkuta kijana amesimama, mikono ameificha nyuma. "Dada, sijagusa kitu," akaniambia. "Nilitaka kuingia tu." Alisema kweli. Hakuijua nywila yangu, hakuvunja chochote, na kufuli langu la vlock halikufunguliwa hata sekunde moja. Mashine ilizimwa ikiwa imefungwa. Kosa lilikuwa langu mimi niliyeifunga nusu nikaiita imefungwa.

Vitufe vile vitatu vina historia inayoeleza kwa nini jambo hili litaendelea kuwapata watu. Kwenye IBM PC ya mwaka 1981, mhandisi David Bradley ndiye aliyevipanga pamoja ili viwashe mashine upya, na vilichaguliwa mbalimbali ili mtu asivibonyeze kwa bahati mbaya. Kisha mwaka 1993 ikaja Windows NT, ikavipa maana nyingine kabisa: bonyeza hivi uingie. Sababu ilikuwa ya usalama. Hakuna programu ya kawaida inayoweza kuvidaka vitufe vile, kwa hiyo mwizi hawezi kutengeneza dirisha bandia la kuingilia akakuibia nenosiri. Ukivibonyeza, lile la kweli ndilo linalojitokeza. Linux kwa upande wake ikabaki na maana ya zamani. Basi mtu mmoja akihama kutoka kiti kimoja hadi kingine, vidole vyake vinatoa salamu huku na amri ya kuzima kule.

Ili msomaji anielewe, inabidi nieleze safari ya kitufe kimoja. Ukibonyeza A kwenye kibodi ya waya wa zamani, kibodi haipeleki herufi. Inapeleka namba ya kitufe, na kwa mpangilio ambao mifumo mingi imeuzoea namba hiyo ni 30 kikibonyezwa, na 158 kikiachiliwa. Chipu inayosimamia kibodi inaipokea na kumgutusha prosesa. Prosesa inaacha inachofanya, inaita draiva, programu inayosimamia kibodi, na draiva inaisoma namba. Hapo ndipo panapoamuliwa mambo. Draiva inakumbuka kama Shift imeshikiliwa, kama Ctrl imeshikiliwa, inaangalia jedwali lake, na inajiuliza: hii ni herufi ya kumpelekea programu, au ni amri yangu mwenyewe? Ikiwa ni herufi, inaiweka kwenye foleni na programu iliyo mbele ya skrini inaisoma kwa wakati wake. Ikiwa ni amri, inaitekeleza papo hapo na safari inaishia hapo. Kibodi ya USB hupita njia nyingine mwanzoni, lakini mwisho wa safari ni meza ile ile.

Sasa vlock na wenzake wote wanakaa wapi? Mwisho kabisa wa foleni. Wanasoma herufi zilizobaki baada ya draiva kuchukua zake. Ni sawa na mlinzi uliyemweka mlango wa chumba cha kulala wakati lango la ua limeachwa wazi: atamzuia atakayefika chumbani, lakini waliochukua mbuzi uani hakuwaona. Draiva ya konsoli ya Linux inajichukulia Alt pamoja na F1, F2 na kuendelea, ambazo humhamisha mtu kutoka konsoli pepe moja hadi nyingine. Inachukua vitufe vile vitatu. Inachukua pia familia nzima ya SysRq, kitufe cha amri za dharura, ambayo nitaisema baadaye. Ndiyo maana nasema suala la kufunga kibodi ni la draiva, ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na programu inayokaa juu yake haiwezi kulimaliza peke yake hata ikiandikwa na fundi hodari kuliko wote.

Waliotangulia walilijua hili. Kompyuta ya kwanza niliyofundishiwa ilikuwa na tundu la ufunguo mbele ya kasha, mtindo ulioanza na IBM PC AT ya mwaka 1984. Mwalimu wangu alikuwa na ufunguo wake mdogo wa mviringo kwenye mnyororo mmoja na funguo za nyumbani kwake. Akitoka darasani anaugeuza, na sisi tunabaki tunabonyeza bila kuona hata herufi moja. Swichi ile ilikuwa na waya hadi kwenye chipu ya kibodi yenyewe, ile 8042. Ikiwa imefungwa, chipu ilizitupa namba zote zilizotoka kwenye kibodi, na prosesa haikugutushwa hata kidogo. Hapakuwa na cha kuchuja wala cha kudaka. Ukiiwasha AT ikiwa bado imefungwa, ilikusomea hitilafu namba 302 na kukuambia wazi kwamba kufuli limefungwa. Ufunguo huo huo ulifunga pia kifuniko cha kasha, usije ukakifungua na kuichomoa waya.

Siombi turudi kule. Ufunguo wa mashine yetu ulifungua pia ya chumba cha jirani, tulijaribu. Na kibodi zilipohamia USB, chipu ile haikuwa tena mlango pekee, kwa hiyo hata swichi ingebaki isingekuwa na cha kufunga. Ninachokikumbuka kwa heshima ni mahali lilipowekwa kufuli: mwanzo wa njia.

Zipo pia terminali za kampuni kubwa, yaani skrini na kibodi zilizounganishwa na kompyuta kuu, na hapa kufuli la kibodi lilikuwa sehemu ya mazungumzo yenyewe. Kwenye IBM 3270, familia iliyoanza mwaka 1971, ukishatuma fomu yako kibodi inajifunga hadi kompyuta kuu ijibu na kuifungua. Hakuna kuandika juu ya swali ambalo halijajibiwa. VT100 ya mwaka 1978 ilikuwa na taa ndogo kwenye kibodi ya kukuambia imefungwa, na kiwango cha terminali kina hata msimbo maalumu wa kuifunga: herufi ya Escape, mabano ya mraba, 2, na h ndogo, ukitaka kuifungua ni hivyo hivyo kwa l mwishoni. Mimi nimeukuta msimbo huo kwa njia mbaya. Nilichapisha kwa makosa faili ambalo halikuwa la maandishi moja kwa moja kwenye skrini, na ndani ya takataka ile palikuwamo herufi nne zile kwa mpangilio huo. Terminali ikanifungia kibodi nikiwa nimekaa mbele yake. Siku hiyo nilielewa upande wa pili: kufuli ambalo kila anayeweza kuandika kwenye skrini yako anaweza kulifunga si lako. Kwa hiyo naunga mkono kabisa kwamba konsoli ya Linux haikuubeba msimbo huo, na amri ya kufunga ikabaki kuombwa kwa kerneli na mwenye ruhusa.

Maombi hayo yapo ya namna mbili, na tofauti yake ndiyo kiini cha barua yangu.

Ya kwanza ni ile inayotumiwa na vlock ukiiambia ifunge konsoli zote. Programu inaiambia kerneli: konsoli hii ni yangu, mtu akitaka kuhama niulize kwanza. Akibonyeza Alt na F2, kerneli inapeleka ishara kwa programu, programu inakataa, na mtu habanduki. Ni adabu nzuri, lakini jiulize nini kinatokea programu ile ikifa. Kerneli inapeleka ishara, inakuta mwenyewe hayupo tena, na inarudi kwenye hali ya kawaida: uhamaji unaruhusiwa. Mlinzi akianguka, mlango unafunguka.

Ya pili inaitwa VT_LOCKSWITCH. Hapa kerneli haimuulizi mtu. Inaweka alama kwamba kuhama konsoli kumezuiwa, na alama hiyo inakaa hadi mwenye mamlaka ya msimamizi aje kuiondoa. Programu iliyoiomba ikifa, alama inabaki. Programu iitwayo physlock imejengwa juu ya ombi hili, na inaweza pia kuinyamazisha SysRq kwa muda wote mashine ikiwa imefungwa. Wapo wanaoiogopa kwa sababu hiyo hiyo: kufuli likikwama, unabaki nje ya mashine yako. Nimeshakwama hivyo mara moja, nikaingia kwa njia ya mtandao kutoka mashine nyingine, nikaiondoa alama, nikaendelea na kazi. Ilinigharimu dakika chache na hasira kidogo. Mimi nachagua kufuli linaloanguka likiwa limefungwa, kila mara, kwenye mashine yoyote inayobeba kazi ya watu wengine.

Upande wa FreeBSD, mfumo endeshi mwingine wa seva, nawapenda kwa uwazi wao. Amri yao ya kufunga terminali inaitwa lock, ya tangu enzi za 3BSD, mfumo wa kale ulio babu yake, na ukiipa alama ya v inazuia kuhama konsoli pepe kwa njia ile ile ya amri yao ya kupanga konsoli, vidcontrol, yenye S kubwa. Mwongozo wa vidcontrol haukufichi: unasema kinga hii inakwepwa kirahisi ikiwa kerneli imejengwa pamoja na kitatuzi chake cha ndani, chombo cha kutafutia dosari, na kwamba mashine unayotaka iwe salama kwa anayeifikia kwa mkono isiwekewe kitatuzi hicho. Natamani kila mwongozo ungesema hivi. Ila jambo moja lazima mtumiaji wa lock alijue, maana limewahi kunishtua: usipoiambia vinginevyo, inafunga kwa dakika 15 tu. Zikiisha, inajifungua yenyewe na kukuachia konsoli wazi, na wewe uko chumba cha pili. Alama ya n ndiyo inayoondoa kikomo hicho. Nimeiandika kwa kalamu nene ndani ya mlango wa kabati.

Draiva yao ya sasa ya konsoli, vt, ina jingine ninalolipenda kuliko yote. Kila kitufe cha hatari kina swichi yake peke yake: cha kuwasha upya, cha kuzima, cha kusimamisha, cha kuingia kwenye kitatuzi, cha kuiangusha kerneli kwa makusudi. Unafunga kimoja ukiacha kingine. Mtu aliyebuni hivyo alikuwa amewaza kuhusu nani atakaa mbele ya kibodi ile.

Niirudie SysRq niliyoiahidi. Ukishika Alt na SysRq kisha b, Linux inajiwasha upya papo hapo, bila kuaga diski. Ukibonyeza s inaandika yaliyosubiri kuandikwa, u inazifanya diski ziwe za kusomwa tu. Zipo kwa ajili ya saa ya dhiki. Ya k inaua kila programu iliyo kwenye konsoli ile, na iliwekwa kwa nia njema kama ile ya Windows NT: uhakika kwamba mstari wa kuingilia utakaouona baadaye ni wa kweli. Ruhusa zake zinapangwa kwa namba moja ndani ya /proc/sys/kernel/sysrq. Sifuri inazima zote, 1 inaruhusu zote, na namba nyingine ni jumla ya vipande: 16 ni kuandika diski, 32 ni kuzifanya za kusomwa tu, 128 ni kuwasha upya na kuzima. Ukiikuta mashine yako ina 176, jumlisha mwenyewe uone kilichoruhusiwa kwa yeyote anayeigusa kibodi, imefungwa isifungwe.

Kuna watakaosema naandika habari za seva, na msomaji wa kawaida ana dirisha zuri lenye picha ya kufuli. Dirisha hilo limeanguka mbele ya macho yetu zaidi ya mara moja. Mwezi Januari mwaka 2012 iligundulika kwamba kwenye matoleo mapya ya X.Org, mfumo unaochora madirisha kwenye Linux nyingi, kushika Ctrl na Alt na kubonyeza nyota ya upande wa tarakimu kuliiondoa programu ya kufunga skrini palepale. Hakukuwa na udukuzi. Kilikuwa kitufe cha watengenezaji, cha kuvunja programu iliyong'ang'ania kibodi wakati wa kutafuta dosari, kikaachwa hai kwenye mashine za watu. Mwanzoni mwa mwaka 2021 ikawa zamu ya Linux Mint, toleo mojawapo la Linux: mzazi mmoja aliwaachia watoto wake wabonyeze ovyo kibodi halisi na ile ya kwenye skrini, programu ya kufunga ikaanguka, na nyuma yake meza ya kazi ikawa wazi. Watoto! Walifanya kile ambacho wapimaji wanalipwa kukifanya. Na mwaka 2016 watafiti Hector Marco na Ismael Ripoll walionyesha kwamba kwenye mifumo kadhaa ya Linux iliyosimbwa diski, kushikilia Enter kwa sekunde kama 70 kulimpa mtu ganda la msimamizi, yaani mstari wa amri wenye mamlaka ya msimamizi, kabla hata mfumo haujamaliza kuwaka. Diski ilibaki imesimbwa, lakini mashine ilikuwa mkononi mwake.

Angalia kwamba hakuna hata tukio moja kati ya haya lililohitaji kuijua nywila. Kila mara ni kitufe kilichosikilizwa na mtu asiyekuwa mlinzi, au mlinzi aliyeanguka na mlango ukafunguka naye.

Kibodi ya pili nayo ni mlango. Draiva inazichukua kibodi zote zilizochomekwa na kuzifanya kama moja, ndiyo maana unaweza kushika Shift ya hii na kuandika kwa ile. Programu iliyoshikilia kibodi moja tu imefunga dirisha moja la nyumba. Mwaka 2014 Karsten Nohl na Jakob Lell walionyesha hadharani kwamba kidude cha USB kinachoonekana kama cha kubebea mafaili kinaweza kujitambulisha kwa mashine kama kibodi na kuanza kuchapa chenyewe. Tangu hapo sijaamini tundu lolote lililo mbele ya kabati. Linux inaruhusu msimamizi kuamua kwamba kifaa kipya cha USB kisipewe ruhusa hadi kikubaliwe, na tangu toleo la 5.11 la mwaka 2021 kuna faili ndogo kwa kila kifaa cha kuingizia, iitwayo inhibited. Ukiandika 1 ndani yake, kifaa kile kinanyamazishwa hadi uandike 0. Hilo ndilo jambo lililo karibu zaidi na ufunguo wa mwalimu wangu ambalo nimeliona kwa miaka mingi, na ajabu ni kwamba halina dirisha, halina picha ya kufuli, na sijawahi kukuta makala inayolitaja.

Najua hoja iliyo dhidi yangu, na ni nzito. Kuna usiku mwingine, miaka ya nyuma, seva iliganda kabisa. Mtandao haujibu, konsoli haiandiki, diski zina maandishi ambayo hayajashuka. Nilishika Alt na SysRq, nikabonyeza s, nikasubiri, u, nikasubiri, kisha b. Ikarudi salama. Kama ningekuwa nimezima kila kitufe, ningechomoa waya wa umeme na kuomba Mungu. Wahandisi wa seva kubwa za kampuni ya Sun waliamua suala hili kwa njia niliyoipenda: vitufe Stop na A viliisimamisha mashine nzima na kukupeleka kwenye mfumo wake wa awali, jambo la lazima kwa fundi na la hatari kwa kila mtu mwingine, kwa hiyo mbele ya kasha waliweka swichi ya ufunguo. Ikiwa kwenye nafasi ya kufungwa, vitufe vile havikufanya kitu. Fundi mwenye ufunguo aligeuza, akafanya yake, akarudisha. Hakuna aliyelazimika kuchagua mara moja kwa maisha yote.

Hicho ndicho ninachowaomba wanaotengeneza mifumo endeshi, na wapo vijana wetu wengi wanaosoma kazi hiyo sasa. Draiva ya konsoli iwe na hali moja inayoitwa imefungwa. Ikiwa katika hali hiyo, kila namba inayotoka kwenye kila kibodi, ya sasa na itakayochomekwa baadaye, iende kwa programu ya kufungulia peke yake, na amri za draiva zikae kimya isipokuwa zile ambazo msimamizi amezitaja kwa jina. Vipande vyote vya kazi hiyo vipo tayari. Leo vimetawanyika: kimoja kwenye ioctl, ombi ambalo programu hulipeleka kwa kerneli, kingine kwenye /proc, kingine kwenye faili la systemd inayosimamia huduma za Linux, kingine kwenye USB, na fundi anayesahau kimoja ameacha mlango.

Kwako wewe Mhariri ombi ni dogo. Ukurasa wenu ukiligusa tena jambo hili, mwambieni msomaji aifunge kompyuta yake, asimame mbele yake kama mgeni asiyejua nywila, na abonyeze. Ctrl, Alt na F2. Ctrl, Alt na Delete. Achomeke kibodi nyingine ajaribu tena. Ahifadhi kazi yake kwanza, tafadhali.

Sisi tumeshafanya yetu. Kuziba ctrl-alt-del.target, faili la systemd linalohusika na vitufe vile vitatu, hakukutosha, maana mtu akivibonyeza vitufe vile zaidi ya mara 7 ndani ya sekunde 2, systemd inachukulia kwamba ana dharura na kuiwasha mashine upya kwa nguvu. Mpangilio wa CtrlAltDelBurstAction nao ulibidi uwekwe kuwa none, yaani hakuna. Tumehamia physlock, SysRq ikiwa kimya hadi mashine ifunguliwe. Juzi usiku, baada ya kuhamisha kazi zote kwenda seva ya akiba, nilimwita mwenzangu mbele ya kabati lile lile na kumwomba abonyeze kama alivyobonyeza siku ile. Alisita. Nikamwambia abonyeze tu. Akabonyeza mara moja, akanitazama, akabonyeza tena na tena haraka haraka hadi nikapoteza hesabu. Mstari wa nenosiri ulikuwa bado pale pale, na saa ya mashine ilionyesha siku 19 tangu iwashwe.

Wako msomaji wa kila wiki,
Fundi wa seva, zamu ya usiku